Herufi Niliyomwongezea Msomaji

Kanisani kwetu Bugarama hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mama yule alikuwa Msomaji, basi. Watu wa kusoma neno kila Jumapili walikuwa watano, lakini wale wanne walikuwa wanasoma tu. Yeye ndiye aliyekuwa Msomaji. Hata mtoto akitumwa, aliambiwa "pita kwa Msomaji uombe ungo," na mtoto alijua nyumba.

Nianze na kusoma kwake, kwa kuwa hapo ndipo nilipomharibia.

Kila Jumamosi alifanya mazoezi mbele ya mbuzi. Sifanyi utani. Aliwafunga kando ya ua, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi, akafungua Biblia, akawasomea somo la kesho yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mbuzi akilia katikati ya mstari, aliurudia mstari. Alisema, "Mbuzi akiweza kunyamaza, Mklisto atashindwaje?" Jumapili akipanda mbele hakuwa na haraka. Aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akatutazama mpaka kikohozi cha mwisho kiishe, ndipo akasema: "Somo katika walaka wa mtume Paulo kwa Walumi."

Walumi. Hivyo hivyo. Alihamia huku kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma, akaja na Kisukuma chake, na ulimi wake haukuwahi kupatana na ra. Kila ra aliyokutana nayo aliigeuza la, kwa upole, bila kuomba radhi. Na sisi hatukucheka. Nataka hili lieleweke. Miaka yote niliyokaa benchi la watoto, kisha la vijana, sikumsikia mtu hata mmoja akiwacheka Walumi. Mimi mwenyewe nilipoanza kujua kusoma nikakuta kwenye Biblia ya nyumbani pameandikwa Warumi, nilidhani wachapaji wamekosea.

Alikuwa na vituko vyake. Msukuma gani anayeogopa ng'ombe? Kundi likija barabarani, alijibanza kwenye mibuni ya watu mpaka mkia wa mwisho upite, kisha akatoka akijipangusa majani, amenyooka kama mkaguzi. Ukimcheka alisema, "Siwaogopi. Nawaheshimu." Alisema pia hapendi umbeya, na kweli sikuwahi kumsikia akiupeleka mahali. Lakini kuusikiliza aliusikiliza wote, akiguna mahali panapostahili, na ukimaliza alikwambia, "Haya, hilo tumelizika hapa. Usije ukalifukua kwa mwenzako." Watu walimwendea kwa sababu hiyo. Mimi pia nilimwendea. Nilipoishia kidato cha pili, nyumbani wote wakininyamazia, yeye ndiye niliyemlilia. Hakunipa ushauri wowote. Alinipa mahindi nipukuchue.

Alikuwa mchoyo wa chumvi na mkarimu wa asali. Aliamini redio kuliko simu. Akikuta karatasi yenye maandishi imeanguka njiani, hata iwe imefungiwa maandazi, aliiokota na kuisoma kabla ya kuitupa, maana, alisema, "kuna mtu aliketi akaiandika."

Sasa Paris.

Zamani, miaka ile ya wakimbizi, wakati Ngara ilikuwa na mahema mengi kuliko nyumba, Msomaji alimpikia nesi mmoja Mfaransa aliyekuja kuhudumia wagonjwa. Nesi akaondoka, lakini hawakuachana. Zilianza barua, zikaja simu. Mwaka juzi yule nesi, ambaye sasa ni bibi mwenye miguu isiyomtii, akasema anataka kumwona mwenzake kabla hajafa. Mpwa wa nesi akahangaika na karatasi za safari miezi na miezi. Basi Msomaji, ambaye mwisho wake wa dunia ulikuwa Mwanza, akaenda Paris kutembea.

Hakumtangazia mtu. Nje ya nyumba yake alimwambia mchungaji peke yake, na hata huyo alimwambia tu, "Nakwenda kumwona mgonjwa." Akapanda bodaboda hadi Rusumo, akavuka daraja la mpakani kwa miguu na begi kichwani, akaendelea hadi Kigali kwenye ndege.

Hapo inabidi nijieleze mimi. Nina kibanda pale senta, nachapisha picha na kuchaji simu. Ukutani nimetundika pazia kubwa lenye mnara wa Paris, maua chini, mawingu ya waridi juu. Wapenzi wanakuja wamevaa vizuri, wanashikana mikono mbele ya mnara, nawapiga picha. Siku za sikukuu kunakuwa na foleni. Na mimi mwenyewe, wateja wakiisha, nilikuwa naliangalia lile pazia najiambia siku moja nitasimama pale penyewe, na gauni jekundu, na upepo. Nilijua jina la mto wao. Nilijua kusema asante kwa Kifaransa. Kila mtu senta alijua kwamba Paris ni ndoto yangu, kama vile mwingine anavyojulikana kwa timu ya mpira.

Halafu akaenda yeye, na ndala.

Aliporudi, mtu wa kwanza aliyemwendea nilikuwa mimi. Aliingia kibandani, akafunga mlango nyuma yake, akatoa kwenye mkoba kitu kilichoviringishwa kwenye khanga. Ulikuwa ni mkate, mrefu, nusu yake, mkavu kama ukuni.

"Huu ni wa kule," alisema. "Nilijua wewe utapenda. Loweka kwenye chai, la sivyo utakuvunja meno."

Niliuloweka. Niliula wote, mpaka makombo. Naomba mkumbuke hilo pia.

Kisha akanipa simu nimchapishie picha tatu. Ya kwanza, amesimama chini ya mnara, sweta juu ya kitenge, mikono imenyooka chini kama anayepimwa urefu.

"Mama, mbona hukutabasamu? Uko Paris!"

"Nitabasamu nini na ile balidi?"

Ya pili alikuwa na nesi kwenye kiti cha magurudumu, kando ya mto. Ya tatu alikuwa ameupa mnara mgongo, anamwangalia mama mmoja mweusi anayechoma mahindi kwenye toroli la chuma. Hiyo ndiyo aliyoipenda. "Alikuwa anayageuza kwa mkono, kama sisi," alisema.

Alikaa saa nzima akinisimulia, na sijawahi kusikia Paris kama ile. Alisema mnara wenyewe ni kama nguzo za umeme za Rusumo zilizopandishwa moja juu ya nyingine na mtu asiyejua pa kuishia. Alisema mto wao umejengewa kuta pande zote mbili, "kama ng'ombe zizini," maskini, hauna hata mahali pa kuangukia kama Kagera yetu pale Rusumo. Alisema watu wanabeba mkate kwapani bila mfuko. Alisema kuna daraja ambalo wapenzi wanafunga kufuli kwenye uzio, kisha wanautupa ufunguo majini.

"Nikamuuliza nesi, sasa wakigombana? Akacheka mpaka nikamshika asianguke."

Na kwenye treni ya chini ya ardhi, siku ya kwanza, aliingia akawasalimia wote. Behewa zima. "Mwangaluka," aliwaambia, kwa Kisukuma, kwa kuwa ilikuwa asubuhi na kwa kuwa hata angesalimia kwa Kiswahili yangekuwa yale yale. Hakuna aliyeitikia ila mzee mmoja, aliyevua kofia.

Nilimwomba nizitundike picha zile ukutani. Akakataa. "Usimwonyeshe mtu, binti. Watasema najidai. Zifiche, ni za kwangu na nesi." Nikaahidi. Akaondoka na picha zake kwenye bahasha.

Nilibaki na pazia langu. Na sitaki kudanganya: nilipoligeukia, niliona ni kitambaa. Kilikuwa kimechakaa pembeni. Nilikasirika, na hakukuwa na wa kumkasirikia.

Siku mbili baadaye ilikuwa gulio. Msomaji alikuwa anachagua dagaa mbele ya kibanda changu, na muuza dagaa, mama mwenye mdomo, akamuuliza, "We Msomaji, wiki mbili hatukuoni! Ulipotelea wapi?"

Alisita. Hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa Palisi."

"Wapi?"

"Palisi."

Muuza dagaa akamkodolea macho. Na mimi, kutoka dirishani, kwa sauti yangu ile ya kuitia wateja, nikasema:

"Palizi, jamani! Mama alikuwa kwenye palizi! Nyamahanga huko Biharamulo, wao wanachelewa kupanda!"

Gulio lilicheka. Mwenye viazi alicheka, mwenye mitumba alicheka, muuza dagaa alishika mzani usimwangukie. "Palizi ya wiki mbili!" alisema. "Ulilima mashamba ya wilaya nzima?" Hata Msomaji alitabasamu kidogo, akachukua dagaa wake akaenda.

Alisema Palisi, yenye sa. Ile 'za' niliiweka mimi. Herufi moja tu.

Utani mzuri una miguu. Kufikia Jumapili, watu walimsalimia, "Palizi zinaendaje?" Vijana wa bodaboda walimuuliza jembe la Ulaya linauzwaje. Watoto wakamwita Bibi Palizi. Wengine walikuwa wamesikia kutoka kwa watoto wake kwamba kweli alisafiri mbali, na hao ndio waliokuwa wabaya zaidi, maana sasa utani ukapata meno: kumbe anadai alikwenda Ulaya, kumbe alikuwa kibarua Nyamahanga, anaona aibu kusema. Mtu anayetusomea neno la Mungu! Wateja walikuja kibandani kwangu kunisikiliza nikiiga: "Nilikuwa Palisi." Niliiga vizuri. Walichaji simu hata zisizohitaji.

Ningeweza kulimaliza. Nilikuwa na picha zile kwenye kompyuta, sikuwa nimezifuta. Nilijiambia nimeahidi kutozionyesha. Ahadi ni ahadi. Sijawahi kuitunza ahadi vizuri kama ile.

Ndipo ikaja siku ya kikao cha kina mama wa kanisa, uani kwa mwenyekiti wao. Nilikuwa nimeitwa kuwapiga picha ya pamoja. Msomaji alikuwepo, ameketi kwenye mkeka, anamenya ndizi pamoja na wengine. Mwenyekiti, mama mwenye haki, hapendi mambo ya chini chini, akasema mbele ya wote:

"Jamani, haya maneno yamezidi. Msomaji ni wetu. Kama alikwenda, tuseme alikwenda, tunyamaze. Mama, una ushahidi wowote?"

Msomaji aliacha kumenya. Aliinua uso, akaniangalia. Hakuniomba. Aliniangalia tu, kama mtu anavyoangalia mlango anaojua utafunguliwa.

Mwenyekiti akafuata macho yake. "Eti binti, wewe ndiye mwenye mashine. Umeona picha zozote?"

Wote wakanigeukia. Kumi na watano, ishirini. Walikuwa tayari kucheka, nilikuwa nimewazoesha. Nikaona nikisema ndiyo, basi gulio lote litajua kwamba nilijua tangu siku ile, kwamba nilikuwa na mkate wake tumboni wakati nilipopiga kelele dirishani. Nikasema, nikicheka:

"Mama mwenyekiti, siku hizi kompyuta inampeleka mtu popote. Hata wewe nikitaka nakupeleka Paris kabla ya chai."

Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Msomaji akarudi kwenye ndizi yake. Aliimenya mpaka mwisho, akaiweka kwenye maji, akachukua nyingine.

Jumapili iliyofuata alikuwa na somo lake kama kawaida. Wakati wa somo ulipofika, nafasi ikakaa tupu mpaka watu wakaanza kugeuka. Alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, miwani haikuwa usoni. Kijana mmoja akapanda akasoma kutoka kwenye simu, haraka, kama anayesoma bei. Na Jumapili nyingine hivyo. Na nyingine. Mchungaji alimwendea, akajibiwa kwamba macho yamechoka. Miezi saba.

Hapo watu wakaacha kucheka, kwa sababu hakukuwa na kitu tena. Na mimi nikaacha kumwiga. Nililitoa pazia la mnara, nikaweka la maua matupu. Wateja wakauliza. Nikasema limechanika.

Nilimwendea mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada. Alikuwa barazani, ana ungo wa maharage, anayachagua.

"Shikamoo mama."

"Malahaba. Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakatoka kwa mkupuo, kinyume na nilivyoyapanga. Kwamba ile 'za' ya Palizi ni yangu. Kwamba nilimwonea wivu. Kwamba picha ninazo mpaka leo. Kwamba siku ya kikao nilijua anachokisubiri kwangu, nikajifanya sijui.

Alichagua mawe, akayatupa uani.

"Palizi si tusi," alisema. "Nimepalilia maisha yangu yote. Kama ni hilo tu ningecheka na nyinyi. Nilicheka, hukuniona?"

"Nilikuona mama."

"Basi."

Alitaka kuongeza kitu, simu ikalia kwenye kiti kando yake. Aliitazama, akanitazama mimi. Akabonyeza, akaweka sauti kubwa kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na vumbi la maharage.

"Dada!" ilisema sauti, nyembamba, ya mtu mzee, kutoka mbali sana. "Habali za Jumapili?"

Nilishtuka. Ilinichukua muda kuelewa. Kiswahili cha yule nesi kilikuwa ni cha Msomaji, chote, pamoja na zile 'la' zake. Alijifunza kwa Msomaji, jikoni, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna kingine.

"Nzuli, dada. Miguu?"

"Miguu halamu tu. Niambie, umesoma leo?"

Msomaji alikuwa ananiangalia mimi usoni.

"Nimesoma," alisema.

"Umesoma nini?"

"Walaka kwa Wafilipi."

"Watu wamesikia vizuli?"

"Wamesikia."

"Ah, nafulahi. Mimi huku nakaa dilishani saa hii nasema, sasa dada yangu anasoma."

Nilifungua mdomo. Msomaji akainua kidole kimoja, nikaufunga. Wakazungumza kidogo habari za mvua na dawa, wakaagana. Akaiweka simu chini, skrini ikitazama kiti.

"Kila Jumapili ananiuliza," alisema. "Miezi saba. Nikimwambia nimeacha, atauliza kwa nini, nitasema nini? Kwamba walinicheka kwa maneno ambayo yeye pia anasema hivyo hivyo? Basi namdanganya. Nachagua somo kabisa, kabla hajapiga." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Uliwaambia mimi ni mwongo, binti. Siku ile sikuwa. Sasa umesikia kwa masikio yako."

Nililia. Hakuninyamazisha, na hakunipa kazi ya mikono kunisaidia. Alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri kikohozi.

"Jumapili ijayo," nilisema, "wakati wa matangazo, nitasimama. Nitawaambia wote. Na picha nitazileta, ukiniruhusu."

"Picha sikuluhusu. Picha ni zangu. Utaleta mdomo."

"Ndiyo mama."

"Utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

"Ukweli unaanza na neno gani?"

Nilifuta machozi.

"Simama," alisema. "Pale uani. Sema."

Nilisimama uani kati ya kuku. Nikasema kwamba Msomaji alikwenda Paris, kwamba niliziona picha, kwamba nilikula mkate aliouleta, kwamba palizi niliitunga mimi, na kwenye kikao nilidanganya nikijua. Nilisema nikiangalia miguu yangu.

Alitikisa kichwa. "Sauti imebaki kifuani. Wewe mwenyewe ndiye umesikia. Inua kichwa. Tena."

Nikasema tena.

"Unakimbia. Pale kwenye 'nilidanganya' umepaluka kama unakanyaga moto. Hapo ndipo pa kusimama. Weka neno, waache walione, ndipo uende. Tena."

Nilisema mara ya tatu. Nilipofika "nilidanganya" nilisimama. Kulikuwa na watu wanapita njiani wakitoka kanisani, kina mama wawili na mmoja wa wale vijana wa bodaboda anayesukuma pikipiki isiyo na mafuta. Walisimama kwenye uzio. Nikaona wamenisikia. Nilitaka kunyamaza, nikamtazama Msomaji, na yeye alikuwa ameacha maharage, ameweka mikono magotini, ananisikiliza kama vile mimi ni somo.

"Usiwaangalie hao," alisema taratibu. "Ulikuwa hujamaliza."